Ruta Moja Tu Ndiyo Igawe Anwani

Katika nyumba nyingi za Lubumbashi zenye spika zisizotumia waya, muziki ukianza kukatika lawama ya kwanza huangukia intaneti, na dawa inayotajwa dukani ni kununua ruta ya pili, yaani kifaa kingine cha kusambaza Wi-Fi, tena yenye antena nyingi. Kwa maoni yangu dawa hiyo, kwa jinsi wengi wanavyoitumia, ndiyo inayozidisha ugonjwa.

Intaneti mara nyingi haina hatia. Muziki unaokuja kwa kilobiti 320 kwa sekunde hula takriban megabaiti 144 kwa saa, kiasi ambacho laini ya 4G ya wastani hukibeba bila shida. Kinachokwama ni safari ya ndani ya nyumba, kwa sababu spika zinazopiga wimbo mmoja hulazimika kuwasiliana muda wote ili ile ya sebuleni isiitangulie ya barazani.

Chukua lupango, yaani kiwanja chenye nyumba na ua, wa kawaida wa huku kwetu. Ruta yenye sim kadi imewekwa kwenye dirisha la sebule, mahali ambapo mawimbi ya mnara hushika vizuri. Nyuma ya ua kuna aneksi wanakolala vijana, na katikati zimesimama kuta za matofali ya kuchoma. Ruta ya pili ikipelekwa aneksi na waya wake ukachomekwa kwenye tundu la WAN, yaani la kuingizia intaneti, ambalo kwa kawaida lina rangi ya peke yake, unazaliwa mtandao mwingine kamili: anwani za sebuleni, yaani namba ambazo ruta hukipa kila kifaa, zinaanza na 192.168.1, za aneksi zinaanza na 192.168.0. Kijana aliyeko huko anatazama video bila tatizo lolote, kisha anauliza, «Yaya (kaka), mbona spika hazionekani kwenye simu yangu?» Hazionekani kwa sababu simu huzitafuta kwa kutuma tangazo kwa vifaa vyote vya mtandao wake, na tangazo la namna hiyo kwa kawaida halivuki ruta.

Kulirekebisha jambo hili hakugharimu hata faranga moja. Fungua mipangilio ya ruta ya pili, zima DHCP, yaani huduma ya kugawa anwani, uipe ruta hiyo anwani ambayo ile ya kwanza haimgawii mtu, tuseme 192.168.1.2, kisha uchomoe waya kwenye tundu la WAN na kuuchomeka kwenye mojawapo ya matundu ya LAN, yaani ya vifaa vya ndani ya nyumba. Ruta nyingine zina modi ya eksesi pointi, yaani ya kusambaza Wi-Fi tu bila kugawa anwani, inayofanya yote hayo kwa mara moja. Spika zisiwekwe kwenye mtandao wa wageni, kwani mara nyingi mtandao huo huzuia vifaa visionane.

Kuhusu chaneli, yaani njia za mawimbi ambazo Wi-Fi hupitia, sina mengi: katika bendi ya gigahezi 2.4 chagua 1, 6 au 11, na ruta zako mbili zisitumie chaneli ile ile. Anayekimbilia ya 3 akidhani anawakwepa majirani huishia kugongana na wa pande zote mbili.

Pesa kama ipo, iende kwenye waya unaounganisha ruta hizo mbili. Hata Sonos, kampuni ya spika ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2002, kwa miaka mingi ilizipa spika zake mtandao wao wenyewe badala ya kuzitegemeza kwenye Wi-Fi ya nyumbani pekee, nami naona walikuwa na sababu. Ila angalia unachouziwa: kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu tu, nao ukikwanguliwa kwa kisu huonekana mweupe ndani. Kuuziwa huo katika mji wa shaba ni jambo la aibu.

Kuna pia suala la umeme. Ukirudi baada ya kukatika, spika nyingine huwaka kabla ya ruta kuwa tayari, zikakosa anwani au zikapewa tofauti na za awali, na programu ya simuni ikazipoteza. Kwa hiyo itengee kila spika anwani ya kudumu ndani ya ruta ya kwanza, na ruta zote mbili uziweke kwenye betri ndogo. Nyingi hutumia volti 12, lakini soma kwanza kibandiko cha chaja, maana za volti 9 na za volti 5 zipo pia.