Uko Wapi?

Swali la kwanza ambalo Mungu anamuuliza mwanadamu katika kitabu cha Mwanzo si "Umefanya nini?" Hilo linakuja baadaye. La kwanza ni "Uko wapi?" Tangu utotoni nililisikia kama sauti ya mzazi anayemtafuta mtoto aliyejificha uvunguni. Mwaka jana niliulizwa swali hilo hilo nikiwa mezani, na aliyeniuliza ni mke wangu.

Nilikuwa nimeachishwa kazi, sikumwambia. Kwa wiki tatu niliamka alfajiri kama kawaida, nikapiga pasi shati, nikaanza na kola, kisha mikono, nikalivaa lingali na joto, nikaaga na kutoka. Nilijidanganya kwamba namhurumia, asije akapata presha bure. Ukweli ni kwamba niliona haya. Moyoni mwangu mume asiye na mshahara alikuwa mtu aliye uchi, na shati lile ndilo lililokuwa jani langu la mtini.

Usiku mmoja tulikuwa tunakula kimya. Akaweka kijiko chini.

"Uko wapi?"

"Si nipo hapa, mke wangu."

"Mwili nauona. Nakuuliza wewe, uko wapi?"

Nilikuja juu. Nikamwambia kila kitu, lakini nilimwambia kwa hasira: nimefukuzwa, na ni yeye aliyenishinikiza niende kazi ile wakati mimi nilishatulia nilikokuwa. Maneno hayajaisha mdomoni, nikayatambua. Ni ya Adamu: "Huyo mwanamke uliyenipa awe pamoja nami..."

Tumezoea kusema pepo ilipotea kwa sababu ya tunda. Mimi siku hizi naona ilikuwa imeshaanza kuwatoka pale walipoingia kati ya miti kujificha, na ikatoweka kabisa Adamu aliponyosha kidole. Sura moja tu nyuma alikuwa amemwita Hawa "mfupa katika mifupa yangu". Sasa ni "huyo mwanamke". Wale malaika na upanga wa moto wanakuja mwishoni, wakati wawili hawa wameshafukuzana wenyewe.

Nilimsimulia haya rafiki yangu Mwislamu, akanielekeza kwenye Qurani, sura ya saba, aya ya 23. Huko nako Adamu na mkewe wamekula, wameshika majani wajisitiri. Lakini wanapoulizwa wanajibu kwa pamoja: Mola wetu, tumejidhulumu nafsi zetu. Tumejidhulumu. Nililikariri neno hilo njia nzima nikirudi nyumbani. Hakuna aliyemsukumia mwenzake. Katika lugha yetu tofauti yote imo kwenye kiambishi kimoja, "a-" au "tu-", na katika ndoa yangu nimekitumia kile cha kwanza mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Wengi tunaoa au kuolewa tukitaka mtu atupe pepo. Ni mzigo usiobebeka, na yule tuliyemtwika akianza kuyumba tunasema amebadilika. Hata Edeni yenyewe, kabla ya kosa lolote, Adamu aliwekwa humo "ailime na kuitunza". Ndani ya pepo kulikuwa na kazi! Jambo hilo linanifariji sana. Na ninavyoamini, bustani ya kwanza ya kulima ni ile iliyo ndani ya mtu mwenyewe, pale ambapo Mungu bado anapita wakati wa jua kupunga akiuliza tuko wapi. Ukishindwa kumjibu Yeye, mwenzako ataishi na jani miaka yote, alifue, alipigie pasi, alipende hata, na asikufahamu.

(Simsemi anayeishi na mtu wa kumpiga au kumdhalilisha. Kujificha kwa huyo ni kujiokoa, na asiambiwe na yeyote kwamba anakosa imani.)

Usiku ule nilinyamaza, nikaanza upya. Nikamwambia, "Niliogopa, nikajificha." Sikuongeza neno. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia kitu ambacho sikukitarajia: kwa wiki mbili alikuwa akiamka saa nane usiku kwenda kuomba peke yake sebuleni, akiamini nina mwanamke mwingine. Na hakutaka kuniuliza kwa sababu aliogopa jibu. Kumbe tulikuwa wawili kati ya miti, kila mmoja na mti wake.

Tulilia. Chakula kilipoa, hatukukigusa tena. Alipoinuka kutoa vyombo alisimama mlangoni, akageuka.

"Kesho usipige pasi," akasema. "Lala mpaka kuche."

Nikalala. Nilipoamka jua lilikuwa limeshafika kitandani, naye alikuwa bado yupo pembeni yangu, macho wazi, ananingoja.