Pilau mmekula, sasa lipeni

Juzi hapa Malindi ofisi moja ya serikali iliwaita vijana ukumbini wafunzwe kujiajiri. Bwana mkubwa mmoja akashika maiki, ati vijana wa Pwani wanachagua kazi, wanangoja mtalii wa Kitaliano awaokote ufuoni, uchumi ushaanza kupona ni wao tu hawajaamka. Makofi. Halafu ikaja pilau.

Hiyo pilau ndiyo imenikera. Kaipika dada mmoja wa mtaani kwetu na mpaka sasa hajalipwa, wala pesa ya mkutano wa kabla yake hajaiona. Yaani mtu anafunza watu kujitegemea huku anakula kwa deni, na kachumbari akaomba aongezewe!

Huyu dada alikuwa jikoni kwenye hoteli. Machi 2020 ndege zikasimama kwa ajili ya korona, Aprili Kilifi nzima ikafungwa, wakarudishwa nyumbani, na hoteli ilipofungua ikaita watu wachache, yeye hayumo. Akaanza viazi karai na bajia mlangoni kwake, pole pole akafika sufuria za harusi. Akaambiwa sajili jina, chukua cheti cha AGPO cha kuombea tenda, manake asilimia 30 ya tenda za serikali zimetengewa vijana, akina mama na walemavu. Akafanya yote. Mchele kachukua dukani kwa ahadi, nyama buchani kwa ahadi, gesi kwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Sasa Fuliza yahesabu kila siku inayopita, mwenye bucha anapiga simu hata jua halijatoka, lakini deni la ofisi likikaa yeye haongezewi hata shilingi. Akienda kuuliza, faili iko kwa mhasibu, mhasibu yuko semina Mombasa, rudi Jumatatu, na Jumatatu yenyewe mfumo umelala. Siku akifunga jiko mtasikia ati biashara ndogo hazidumu, vijana hawana nidhamu ya pesa.

Haya, Hustler Fund ya 2022, ile mikopo midogo ya serikali, imewafaa baadhi, siwezi kukataa, nawajua wauza mabuyu waliopata cha kuanzia. Lakini hebu tazameni, aliyekopa shilingi 500 ana siku 14 awe amerudisha na riba juu, na ofisi iliyomaliza sufuria nzima za pilau haina tarehe?

Wavivu wapo, siwatetei.

Dada sasa kageuza mtindo, uwe harusi uwe ofisi, nusu iingie M-Pesa kabla moto haujawashwa. Wakamwita ana maringo, mkutano uliofuata wakampa binti mwingine aliyeanza kupika majuzi tu, mwenye furaha tele, ati kapata tenda. Nimeshampigia simu. Nimemwambia kama hawajatoa nusu asiloweke hata mchele.