Sindano moja haitoshi
Kuna makala inayodai kwamba sindano moja ya homoni yatosha kumfanya mbuzi yeyote azae watoto wengi, dai ambalo sisi tunaofuga mbuzi wa Mubende, hapa Uganda, hatuwezi kulikubali. Homoni inayotumika, FSH, ambayo hukuza mayai ya jike, haidumu mwilini, ndiyo maana wataalamu huidunga asubuhi na jioni kwa siku 3 au 4, kipimo kikipunguzwa hatua kwa hatua, sponji ya projestojeni (homoni inayozuia joto, yaani hali ya jike kutaka dume) ikiwa imekwisha kukaa ukeni kwa siku kadhaa. Tena lengo si jike huyo abebe mimba zote, bali viinitete, yaani mimba changa, vitolewe na kupandikizwa kwa majike wengine waliolinganishwa naye katika joto. Hata hivyo, mmoja hutoa mayai mengi na mwenzake wa zizi lilelile asitoe hata moja. Je, yupo msomaji wa Masaka au Mbarara aliyetozwa fedha kwa ahadi ya namna hiyo?