Kiti mwendo kinaweza kusubiri, kishikio cha chooni hakiwezi

Mzee akishaambiwa ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoufanya mwili utetemeke, ukakamae na uwe mzito kutembea, nyumbani mara nyingi huzuka mvutano kuhusu vifaa vya kutembelea. Watoto wanataka mkongojo, kiti mwendo na chochote kinachopatikana, tena upesi. Mgonjwa mwenyewe, na dada zake nyuma yake, wanasema ukishamkalisha mtu umemmaliza.

Wasemao hivyo si wajinga. Mazoezi ni sehemu ya tiba ya Parkinson, na anayeshinda amekaa hukakamaa viungo na kuishiwa nguvu za miguu. Tena si kila kifaa kinafaa: fremu ya miguu minne, ile ya kunyanyua na kutua kila hatua, inaweza kumvuruga mgonjwa ambaye miguu huganda ghafla. Huyo pengine atasaidiwa zaidi na mistari ya rangi iliyochorwa sakafuni mlangoni, maana jicho likipata kitu cha kuvuka, mguu nao hunyanyuka. Na ugonjwa ukisonga, kilichonunuliwa leo huenda mwakani kisitoshe.

Hata hivyo naona wanaotaka vifaa mapema hawajaeleweka, labda kwa kuwa wao wenyewe huanzia kwenye kiti mwendo. Wangeanzia safari ya usiku ya kwenda chooni. Chukua nyumba ya Kiswahili ya Tanga au Dar es Salaam: vyumba kulia na kushoto, korido katikati, choo uani. Mzee anavuka kizingiti cha chumba, kisha cha mlango wa uani, anashuka ngazi, anakanyaga sakafu yenye maji, ndipo achuchumae. Kuchuchumaa atamudu, kazi ipo kwenye kuinuka.

Anayeogopa safari hiyo mara nyingi hasemi. Anaacha tu kunywa maji tangu alasiri, na madhara yake hayaishii kwenye kiu. Wagonjwa wa Parkinson tayari husumbuliwa na kufunga choo; maji yakipungua, hali inazidi. Tumbo likienda polepole, levodopa, dawa kuu ya Parkinson, huchelewa kufika kwenye utumbo mdogo inakofyonzwa, na kidonge cha asubuhi kinachelewa kufanya kazi. Presha, ambayo kwa wengi wao hushuka wanaposimama, hushuka zaidi mwili ukikosa maji. Anasimama, kizunguzungu kinamshika, anaanguka. Nyumbani watasema ugonjwa umepamba moto, na wataomba dozi iongezwe, kumbe huenda kilichokosekana ni bomba la chuma la kushikia, ukutani mwa choo.

Kiti mwendo kina hesabu yake. Kipimo cha mteremko kinachotumika sana ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kimo inadai sentimita 12 za urefu, kwa hiyo kizingiti cha sentimita 15 tu kinadai mteremko wa sentimita 180. Kwenye korido ile utauweka wapi? Ndiyo maana kiti kilicholetwa kwa vigelegele huishia kuanikiwa nguo.

Bomba la kushikia, fundi wa kuchomelea wa mtaani analimaliza kwa siku moja, na akiagizwa ataunda pia kiti cha kuweka juu ya tundu la choo. Vitu hivyo havimkalishi mtu. Vinamwezesha kuinuka mwenyewe, jambo ambalo mzee na dada zake wamekuwa wakilipigania tangu mwanzo. Na kama aibu ndiyo inayomfanya aukatae mkongojo, wenzake wa barazani hawaoni kilichofungwa uani.