Kuku wa Raundi ya Sita

Mimi ndondi nazipenda zikiwa uwanjani. Zikiingia kwenye tamthilia za polisi zinaniharibia nyumba.

Mnazijua wenyewe. Bondia ana mama mgonjwa. Kila siku mama mgonjwa! Sijaona bondia wa kwenye televisheni ambaye mama yake ni mzima, yuko sokoni anauza samaki wake. Halafu anatokea bwana mwenye koti refu, vidole vimejaa pete, anamnong'oneza: "Raundi ya sita, unalala." Pembeni kuna kocha mzee, taulo begani, anajua yote na hasemi kitu. Polisi wa kesi halali usingizi, hali, ni kahawa tu. Na watunzi hawajui hila nyingine zaidi ya kulala ulingoni makusudi! Waamuzi wa pointi si watatu? Nunua wawili, umemaliza, na hakuna aliyechubuka.

Jumapili tulikuwa kwangu Katuba tunaangalia mojawapo: mimi, mama watoto, kijana wetu wa miaka sita, mzee jirani, na shemeji. Shemeji anatoka Kenya, ile komini ya hapa hapa Lubumbashi. Angekuwa anatoka nchi ya Kenya ningemwona mara moja kwa mwaka.

Nikasema huyu bondia halali, nimemsoma macho. Shemeji akasema analala.

"Kuku?"

"Kuku, shemeji."

Hakufikiri hata kidogo. Mtu ambaye akiulizwa chai au maji anaomba muda! Na kuku mwenyewe ni yule wangu mwekundu, maana yeye hafugi kitu.

Ningeshtuka mapema. Shemeji alikuwa anacheka kabla ya kichekesho. Raundi ya tatu, mama watoto akainuka akabandika maji. Maji ya nini saa hizi? "Ya kuoga." Sufuria ile kazi yake ni kunyonyolea kuku, haijawahi kuogesha mtu.

Kengele ya sita ikalia. Bondia akainuka, jasho linadondoka kwenye kidevu, yule wa mapete akakunja nne. Umeme ukaenda. Katuba giza tupu. Na katika giza hilo nikasikia sauti ya shemeji, tulivu kama ya msoma habari:

"Sasa anatupiwa la kushoto. Halijamfika, ameshalala. Bega la kulia ndilo linatangulia. Huko nyumbani mama yake anazima redio."

Redio? Redio umeijuaje?

Mtoto akajibu, Mungu ambariki: "Mjomba aliiangalia Jumanne kwa simu. Na mama pia."

Nikadai pambano lifutwe. Tukamwachia mzee jirani aamue, nami nikamletea kesi ya Jake LaMotta, bondia wa Marekani. Tarehe 14 Novemba 1947, Madison Square Garden, New York, aliuza pambano kwa Billy Fox, na hata kuanguka akakataa. Alisimama anapokea makonde kama mtu anayengoja basi, mpaka mwamuzi akasimamisha raundi ya nne. Alikuja kukiri 1960 mbele ya maseneta wa Marekani: hiyo ndiyo ilikuwa bei ya kupewa nafasi ya kugombea ubingwa. Na nafasi aliipata, 1949, akamnyang'anya mkanda Mfaransa Marcel Cerdan. Frankie Carbo, mwenye koti refu wa kweli, aliyekuwa akiyaendesha mambo hayo kwa nyuma, 1961 akapigwa miaka 25.

"Mzee," nikasema, "LaMotta angalau alipata mkanda. Mimi napata nini?"

Mzee akakohoa kidogo. "Mwaka 1974, Kinshasa, Foreman naye alilalamika. Mara kamba za ulingo zimelegezwa, mara maji yake yametiwa dawa. Ali si alimlaza raundi ya nane? Matokeo yamebadilishwa?"

"Maji yanachemka," akasema mama watoto kutoka jikoni.

Nikamwita shahidi wangu tena. Akaja anatafuna andazi. Andazi, gizani, katika nyumba ambayo asubuhi niliambiwa unga umeisha!

"Nilisahau, baba. Labda ilikuwa filimu ingine."

Kuku akaliwa kwa mshumaa. Paja moja la shemeji, la pili pia la shemeji. Firigisi, ambayo tangu nioe ni ya baba wa nyumba hii, nikaifuata kwa macho ikipita juu ya sahani yangu bila kusimama, ikatua kwa mzee. Hakushangaa hata kidogo. Alikuwa ameshaiwekea nafasi pembeni ya bukari. Mimi nikapewa shingo.

Umeme ukarudi saa sita usiku, wanaonyesha matangazo ya sabuni.

Asubuhi mama watoto ananiita kutoka uani: "Baba watoto, mbona leo hakuna yai?"