Oili chafu kwenye tangi la dizeli: inawaka sawa, ila inaacha nini?

Kila dizeli ikipanda bei huu ubishi unarudi, mmoja anasema mbona mi nachanganya oili chafu na lori linatembea tu, mwingine anamjibu utaua injini wewe. Wote wana ukweli wao, sema wanachanganya vitu viwili, maana mafuta ya kula yaliyokwisha kukaangia na oili iliyotolewa kwenye injini havifanani hata kidogo.

Ya kukaangia mi nayatetea. Kwenye maonyesho ya Paris ya 1900 injini ya dizeli ilipiga kazi kwa mafuta ya karanga, kwahiyo sio uchawi. Shida yake ni uzito, yakiwa ya baridi ni mazito kama mara 10 kuliko dizeli, nozeli badala ya kuyapuliza kama ukungu inayatema matone, hayaungui yote, mengine yanagandia kwenye ringi za pistoni na mengine yanashuka chini mpaka oili ya injini inakuwa kama gundi. Ndo maana wanaojua wanafunga tangi mbili, moja la dizeli na moja la mafuta hayo: unawasha kwa dizeli, maji ya moto ya rejeta yanayapasha mpaka nyuzi 70 hivi, unahamia huko, na kabla ya kuzima unarudi kwenye dizeli dakika kadhaa. Ukisahau hiyo ya mwisho, asubuhi utasukuma.

Sasa oili chafu. Nguvu inayo, hilo sibishi. Na utaambiwa nimechuja kwa filta ya matundu madogo sana, maikroni 5, imetoka safi. Sawa, umetoa uchafu na vipande vya chuma, lakini zinki na kalsiamu zilizowekwa kiwandani kulinda injini zimeyeyuka humohumo, hakuna kitambaa kinachozishika, na zikiungua zinabaki majivu. Nimeshaona nozeli ya namna hiyo ikifunguliwa, ncha yote imevaa ukoko wa kijivu, fundi anakwaruza kwa brashi ya waya huku anaguna tu.

Lori la zamani lenye pampu ya kawaida linavumilia, tena sana. Haya mapya ya komoni reli, yaani nozeli zote zinalishwa na bomba moja lenye presha kubwa, presha inapita bar 1,600 na matundu ya nozeli ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, hapo unacheza na hela ya oveholi. Ile filta ya moshi ya kwenye ekzosi ndo kabisa, masizi inayachoma yenyewe, majivu haiwezi, yanajaa tu.

Kuna wanaosema bora iungue kuliko kumwagwa mtaroni. Kuliko mtaroni sawa, ila oili hiyo inasafishwa ikarudi kuwa oili, na ule moshi una vyuma ndani yake, anayeuvuta ni wa nyuma yako sio wewe.

Ukiona lazima uchanganye, iwe lori kuukuu, iwe kidogo, na filta za dizeli za akiba zikae nyuma ya siti na spana yake, maana itaziba usiku ukiwa mlimani.