Kasri lililotazamwa kutoka ng'ambo: picha ya Shchedrin ya mwaka 1803

Mwaka 1803, mwaka mmoja kabla ya kufariki, mchoraji Semyon Shchedrin alichora picha ambayo jina lake linakaribia kuwa anwani kamili: mandhari ya Kasri la Kamenny Ostrov, kisiwa cha St. Petersburg, ng'ambo ya mto Bolshaya Nevka, ambao ni tawi la mto Neva, kutoka ukingo wa Stroganov. Leo picha hiyo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Urusi mjini humo. Jina lake lataja mambo matatu, yaani kasri, mto na mahali aliposimama mchoraji, na katika ubishi wa miaka mingi kuhusu thamani ya Shchedrin, hilo la tatu ndilo ambalo halijapewa uzito unaostahili.

Wanaomshusha hadhi wana hoja zinazoeleweka. Shchedrin, mtoto wa askari, alisomea Paris na Rome, na aliporejea mwaka 1776 alikabidhiwa darasa la mandhari katika Chuo cha Sanaa cha Kifalme. Kile alichokuja nacho kilikuwa kanuni iliyokwisha kukomaa Ulaya Magharibi: sehemu ya mbele ya picha ipakwe rangi ya kahawia, ya kati iwe kijani, ya nyuma ififie kuwa buluu, na miti isimame pembeni kama mapazia ya jukwaa. Kanuni hiyo aliitumia Gatchina, akaitumia Pavlovsk na Peterhof, makasri ya kifalme ya karibu na St. Petersburg, hata wakosoaji wakauliza kama mtu huyu aliwahi kuitazama Urusi kwa macho yake mwenyewe. Zaidi ya hayo, waliomwagiza kazi walikuwa watawala, kwanza Catherine II, kisha mwanawe Paul, na mchoraji anayelipwa na mwenye nyumba hatarajiwi kuonyesha ufa ukutani.

Ufa ulikuwepo, tena wa namna mbili. Wa kwanza ni wa maji. Kasri hilo lilijengwa kwa ajili ya Paul kati ya mwaka 1776 na 1781, juu ya kisiwa kisichoinuka sana katika delta ya Neva, na ujenzi ukiwa bado unaendelea, mnamo Septemba 1777, mafuriko yalipandisha maji ya mji kwa zaidi ya mita 3. Wa pili ni wa watu. Kabla Catherine hajampa mwanawe kisiwa hicho mwaka 1765, mmiliki wake, Aleksey Bestuzhev-Ryumin, alikuwa amewahamisha wakulima waliofungwa na sheria kwenye ardhi ya bwana wao, akawaleta kutoka Ukraine waje kukausha na kukitengeneza, na vijiji vyao vikaota kwenye ukingo wa pili wa mto. Anayemtazama Shchedrin atakutana na mto uliotulia na bustani iliyokwisha kamilika. Jasho lililoifanya bustani hiyo halionekani, wala hofu ya maji.

Upande wa pili, watetezi wake husema kwamba kumdai Shchedrin ukweli wa aina hiyo ni kumhukumu kwa sheria iliyotungwa baada yake. Mwishoni mwa karne ya 18, Chuo cha Sanaa kiliweka picha za matukio ya dini na historia juu kabisa, na mandhari ikahesabiwa kuwa kazi ya daraja la chini. Kuichukua nyumba ya kifalme na kuifanya sehemu ndogo ya picha, iliyo mbali, ikizidiwa nafasi na mbingu, miti na maji, lilikuwa jambo lenye uzito wake. Mchoraji Fyodor Alekseyev, wa zama hizohizo, aliyepitia Venice, aliichora St. Petersburg kama mji wa mawe na kingo zilizonyooka. Kwa Shchedrin, kinyume chake, jengo huingia kwenye picha kwa idhini ya miti. Hoja hii naikubali kwa sehemu kubwa, ingawa neno "mwanzilishi" wa uchoraji wa mandhari nchini Urusi, ambalo watetezi hupenda kumvika, naona linampwaya.

Hoja yao nyingine, kwamba picha hizi ni kumbukumbu za kuaminika, inahitaji tahadhari. Mandhari inaweza kutuambia jengo lilivyokaa kuhusiana na mto, lakini mchoraji aliyezoea kusogeza mti ili upendezeshe upande wa kushoto hawezi kuwa shahidi wa kuhesabu madirisha. Kasri la Pavlovsk lilipoungua mwaka 1944, kulirejesha kulihitaji michoro ya wasanifu, orodha za mali, vipimo na mabaki yaliyookolewa, wala si picha za mandhari za rangi ya mafuta peke yake.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo picha ya mwaka 1803 inalishuhudia bila kupamba, nalo ni mahali pa kutazamia. Ukingo wa Stroganov haukuwa uwanja wa umma tu. Hapo ndipo palipokuwa na nyumba ya mapumziko ya mkabaila Alexander Stroganov, ambaye tangu mwaka 1800 alikuwa rais wa Chuo cha Sanaa, maana yake mkuu wa Shchedrin kazini. Kwa hiyo mchoraji anaitazama nyumba ya Kaisari mpya, Alexander I, akiwa amesimama mlangoni kwa bosi wake. Paul, aliyekuwa mfadhili wake, alikuwa ameuawa miaka miwili kabla. Mto ulio katikati ya picha unatenganisha ngazi mbili za madaraka, na Shchedrin yuko ngazi ya tatu, asiyeonekana. Kama huko ni kujipendekeza, basi ni kujipendekeza kunakomwonyesha wazi anayejipendekeza alikosimama.

Wazo hili hupata nguvu tukiikumbuka picha nyingine. Miaka sita kabla, mwaka 1797, msanifu majengo Andrei Voronikhin alichora nyumba hiyohiyo ya Stroganov ikiwa kando ya mto uleule. Voronikhin alizaliwa akiwa mali ya ukoo wa Stroganov, akaachwa huru mwaka 1786, na ndiye aliyeisanifu upya nyumba hiyo kabla ya kuichora. Leo nyumba haipo tena, na kwa hiyo picha yake imebeba mzigo wa ushahidi ambao ya Shchedrin haijalazimika kuubeba, kwa sababu kasri la ng'ambo bado limesimama na tangu mwaka 2015 limekuwa chuo cha watoto wenye vipaji.

Mimi ningependa picha hizo mbili zitundikwe zikitazamana, ukuta kwa ukuta, ya mtoto wa askari na ya aliyezaliwa mtumwa wa nyumba aliyoichora, ili mtazamaji asimame katikati, mahali panapopita maji.